Somo: spana za kununua kabla hujagusa habu (kitovu cha gurudumu) na breki za disiki za baiskeli

Wasee, wiki hii nimeulizwa mara tatu mtu aanze na vifaa gani, wacha niandike mara moja. Mimi nilianza na spana malaya na plaisi, nikala kingo za koni mbili (zile nati zinazobana gololi ndani ya habu) za gurudumu la nyuma mpaka fundi akanicheka, so msirudie.

Hatua ya kwanza usinunue kitu, angalia baiskeli. Shika gurudumu ulitikise upande kwa upande, likicheza koni zimelegea, likizunguka kama linasaga mchanga grisi imeisha. Nyingi za mitumba hapa Nairobi ni habu za koni na gololi.

Ya pili ni spana nyembamba, na hapa ndio msifanye ubahili. Ile sehemu bapa ya koni ni kama milimita 2 tu, spana ya kawaida haiingii. Mbele mara nyingi ni 13, nyuma 15, halafu nati ya kufungia juu ni 17 na hiyo spana ya kawaida inatosha. Kuna watu wanasaga spana ya kawaida na grinda, inafanya kazi, lakini ukiipasha moto sana ugumu wa chuma unaisha na inapanuka siku ya pili.

Fungulia juu ya sinia, tafadhali. Gololi yangu moja ilibingirika chini ya kabati, nikaitafuta na tochi ya simu nusu saa nikapata ya mtoto ya kuchezea. Mbele kawaida ni 10 kila upande, nyuma 9 na ni kubwa kidogo. Ukipoteza moja badilisha zote za upande huo, mpya ikichanganywa na zilizochakaa inabeba mzigo peke yake. Kama ekseli ni ile ya kufunga kwa mkono wa kukunja, acha mchezo kidogo sana, ukishafunga unaisha.

Disiki sasa. Bolti sita za rota (ile sahani ya chuma inayobanwa na breki) mara nyingi ni T25, ile ya nyota, usilazimishe alenki ya pembe sita, utakula kichwa na hapo ni kutoboa na drili. Kama hakuna bolti na katikati kuna meno, hiyo inataka kifaa cha kufungulia kaseti (zile gia za nyuma), aina nyingi za meno ya ndani zinakubali kilekile. Pia kwenye vifaa vyako uwe na spiriti na kitambaa safi ambacho hakijawahi kuona grisi.

Maswali

*Breki zinalia, nipulizie WD-40?*
Hapana! Pedi (zile zinazobana rota) zikinywa mafuta ndio basi, mimi nanunua mpya. Rota futa na spiriti.

*Mafuta ya breki ya gari yanaweza kuingia?*
Soma kifuniko kwenye mkono wa breki. Shimano wanatumia mafuta ya minerali, ukiweka DOT (hayo ya gari) mle unaharibu raba za ndani na breki inavuja.

*Nilitoa gurudumu la mbele niingize baiskeli kwa buti twende Karura, mtoto akafinya breki, sasa rota haipiti kati ya pedi.*
Pole. Ingiza kile kiplastiki cha kutolea tairi katikati ya pedi, sukuma polepole pande zote mbili, usitumie bisibisi. Siku nyingine ukitoa gurudumu weka kadibodi iliyokunjwa pale.

*Nimesukuma imerudi, asante, lakini inasugua upande mmoja.*
Legeza bolti mbili za kalipa (kile kifaa kinachoshika pedi), finya breki, kaza ukiwa bado umefinya.