Namna ya Kuandika Maisha ya Jaji Marcel Lihau

Anayetaka kuandika maisha ya Marcel Lihau, aliyekuwa wa kwanza kuongoza Mahakama ya Juu ya Kongo, asianzie Bumba alikozaliwa mwaka 1931, kwani msomaji wa hapa Lubumbashi atasinzia kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Anza na mwaka 1975, pale jaji huyo alipokataa kutekeleza adhabu kali dhidi ya wanafunzi walioandamana, naye Rais Mobutu akamwondoa kazini. Kisha rudi nyuma, ueleze jinsi mtu wa namna hiyo alivyopatikana.

Eleza kwanza kwamba chini ya ukoloni katika mahakama za serikali waliketi mahakimu Wabelgiji, na Waafrika waliamua kesi katika mahakama za wenyeji tu. Msomaji akilielewa hilo, ataona uzito wa kijana wa Kikongo kwenda kusoma sheria Leuven, Ubelgiji.

Sehemu ngumu ni miezi ya Septemba 1960 hadi Februari 1961, Lihau alipokuwa kamishna mkuu wa sheria katika Baraza la Makamishna, serikali ya muda iliyowekwa na Mobutu, lililotawala kutoka Léopoldville (Kinshasa ya leo). Katika kipindi hichohicho Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipelekwa Katanga, akauawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961. Usiiruke, hata kama unampenda sana jaji wako. Eleza pia kwamba Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960, kwa hiyo amri za Léopoldville hazikuwa na nguvu hapa, na lolote utakaloandika juu ya mkono wa Lihau katika mkasa huo ulitoe kwenye hati, si kwenye maneno ya barazani.

Majina ya miji yaandike kama yalivyokuwa wakati huo: Katiba ya 1964, ambayo Lihau alishiriki kuiandaa, ni ya Luluabourg, ingawa leo tunasema Kananga, na Lubumbashi iliitwa Élisabethville hadi 1966. Uteuzi wake wa 1968 kuongoza Mahakama ya Juu, kushiriki kuasisi chama cha upinzani cha UDPS mwaka 1982, maisha yake ya uhamishoni na kifo chake Boston, Marekani, mwaka 1999, vyote vinatosha katika aya moja.

Ukiishapata tarehe, tafuta mzee aliyewahi kuwa karani wa tribinali, yaani mahakama, kwa mfano kule Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi. Usimuulize, «Baba, zamani ilikuwaje?», maana atakujibu kwamba zamani kulikuwa na heshima, na mazungumzo yataishia hapo. Muulize nani alibeba mafaili, mshtakiwa alisimama wapi, nani alimtafsiria Kifaransa cha hakimu kwa Kiswahili, na siku jaji wa kwanza mweusi alipoingia chumbani watu walinyamaza au walinong'ona. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, kisha msomee kabla hujaondoka, ili akusahihishe palepale.