Pumzi na fikra kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu: ninavyofanya nikiwa nyumbani kwake

Juzi binti mmoja alinipigia saa nne usiku. Alijaribu "yale mambo ya kupumua" na mama yake akamfukuza chumbani. Haya nimemwandikia yeye, na wengine mnaouguza. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito.

Tuelewane kwanza: hii haichukui nafasi ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Miaka ya 1960 daktari Cicely Saunders wa Uingereza alieleza kuwa maumivu ya mgonjwa wa aina hii ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Mofini inashika fungu lake. Hapa tunashughulika na yaliyobaki.

Hatua ya 1: Daftari

Daftari la shule linatosha. Andika saa, kiwango cha maumivu 0 hadi 10, dawa aliyokunywa, na alichokuwa anawaza. Programu za simu sizipendi, simu huisha chaji na watoto huichukua. Asiyependa namba aoneshe mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yasiyovumilika.

Hatua ya 2: Dawa kwa saa yake

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4 kama alivyoandikiwa, hata kama maumivu hayajarudi.

Hatua ya 3: Pumzi na taswira

Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi nilikwama kabla yenu.

Kosa la kwanza ni wakati. Ukimwambia mtu aliye kwenye 9 "vuta pumzi taratibu, mama", atakufukuza, na ana haki. Mpe dawa, subiri nusu saa hadi saa nzima, maumivu yakishuka ndipo mfanye mazoezi. Fanyeni kila siku wakati ametulia, dakika kumi tu, ili siku mbaya mwili uwe umeshazoea.

Mlaze anavyopenda yeye, mto chini ya magoti. Avute pumzi kwa pua, tumbo lipande, aitoe kwa mdomo polepole kuliko alivyoivuta. Usimwambie aibane, mwenye saratani ya mapafu ataogopa. Wapo wanaohesabu kwa tasbihi au rozari, na mimi naona ni bora kuliko saa.

Kisha taswira, yaani kumpeleka kwa fikra mahali penye utulivu. Kuna bibi nilihangaika naye siku tatu. Nilimsomea maneno niliyoyaandaa: uko ufukweni, upepo, mawimbi yanakuja na kurudi. Kila siku alifumbua macho akihema kwa nguvu, namba ikapanda. Nilidhani dozi ni ndogo. Siku ya tatu mjukuu wake akaninong'oneza kwamba babu alikuwa mvuvi, na bahari haikumrudisha. Nikamwomba bibi msamaha, nikamuuliza angependa kuwa wapi. Akasema shambani kwa mama yake Muheza, chini ya michungwa. Akaanza kuniambia harufu ya udongo baada ya mvua, nani anaita, chungwa linamenywaje. Mimi nilinyamaza. Tangu hapo sina maneno ya kuandaa: nauliza tu unaona nini, unasikia nini, kuna harufu gani.

Tahadhari: yale mazoezi ya kukaza misuli na kuilegeza, usiyafanye sehemu ambayo saratani imefika kwenye mfupa, kwani mfupa unaweza kuvunjika. Mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi uache pia. Alegeze tu bila kukaza.

Hatua ya 4: Wazo linalochochea maumivu

"Yamepanda, basi leo nakufa." Usimjibu "usiwaze hivyo, shangazi". Fungua daftari mwangalie pamoja: Jumanne yalifika 8, yakashuka na nini? Akitaka kulia, alie. Wanaomlazimisha mgonjwa awe na "fikra chanya" huwa nawatuma dukani.

Hatua ya 5: Kazi ndogo

Achambue mchele, apumzike kabla hajachoka.

Maumivu mapya ya mgongo, miguu ikiwa mizito au mkojo ukigoma, si ya pumzi wala taswira. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.