Jinsi ya kushuti video ya wimbo mdomo usipishane na sauti

Mtazamaji wa kwetu atakusamehe loukesheni ya kawaida, nguo za kuazima, hata gari la kukodi lenye mkwaruzo, ila mdomo ukipishana na sauti hakusamehe ng'o, mana wimbo ashaukariri na kila neno analijua. Kwa hiyo kabla hujawaza droni na moshi anza na mdomo.

Cha kwanza kabisa wimbo wenyewe, usiende kushuti na demo, yaani rekodi ya majaribio. Niliwahi kushuti siku nzima Kigamboni na wimbo wa biti 98 kwa dakika, wiki iliyofuata studio ikatuma masta, yaani wimbo uliokamilika, ya biti 100, wanasema wameongeza mwendo kidogo tu hata hausikiki, aisee mstari wa kwanza ulikaa sawa lakini kufika kiitikio msanii ndo anafungua mdomo na neno lishapita zamani. Tulirudia shuti yote. Masta ikishafungwa ndo utoke na kamera.

Kamera iweke freimu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde japo jicho halioni, sasa ukiweka shata 1/60 kwenye ukumbi wenye tyubulaiti unaweza ukakuta mistari ya giza inapanda na kushuka usoni kwa msanii na ukiediti haitoki. Kaa kwenye 1/50 au 1/100, basi.

Spika ya kupigia wimbo iwe karibu na msanii na iwe na kelele za kutosha, na yeye mwambie aimbe kweli kwa sauti, asichezeshe midomo tu, mana mtu akiimba kweli shingo inakaza na kifua kinapanda na hiyo inaonekana. Maiki ya kamera usiizime hata kama sauti yake mbaya, utaihitaji kusinki, yaani kulinganisha picha na wimbo. Ila kuna mtego hapa, sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita 14 hivi kati ya spika na kamera unachelewa freimu moja, ukisimama mbali mita 30 na lenzi ndefu, programu ya kuediti itakusinkia kwa sauti iliyochelewa na mdomo utatangulia freimu 2. Klipu kama hiyo isogeze mbele freimu 2 kwa mkono, yaani ianze baadaye kidogo.

Wimbo upige mwanzo mpaka mwisho kila raundi, raundi ya mwili mzima, ya kiunoni kwenda juu, ya uso, halafu raundi za mikono, viatu, madansa, watu wa mtaani. Nje shuti asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, jua la saa saba la Dar liko utosini na macho ya msanii yanageuka mashimo.

Slomo (picha ya mwendo wa polepole) ya mtu anaimba huku mdomo unaenda na wimbo watu wengi wanaona kama uchawi, kumbe shuti freimu 50, shata 1/100, wimbo upigwe mara mbili ya mwendo wake na msanii aimbe hivyo hivyo haraka, ukija kuicheza kwa 25 mdomo unakaa na mwili unaelea. Kama mistari ni ya kurap haraka hawezi, basi shuti freimu 30 na wimbo uongeze mara 1.2, unapata ulaini kidogo na ulimi haukwami.

Kwenye kuediti hata DaVinci Resolve ya bure inatosha, panga raundi zote juu ya masta, sinki kwa sauti, halafu usiiamini programu, tafuta neno lenye m, p au b. Mimi napenda "mpenzi", na nyimbo zetu hazikosi hilo neno: kwenye m midomo lazima iwe imefungwa, kwenye p inaachia, sasa tembea freimu moja moja, ukisikia p na midomo bado imebana, klipu imechelewa, irudishe nyuma.

Kukata nenda na biti. Wimbo wa biti 100 kila biti ni freimu 15, ukikata freimu 1 au 2 kabla ya kiki, ule mdundo mzito wa ngoma, ndo inagonga vizuri. Singeli ni kesi nyingine, inaweza kupita biti 200, ukikata kila biti picha inakaa chini ya theluthi ya sekunde na macho yanauma, kata kila baada ya biti nne na mwendo uachie miguu ya madansa. Na dansi onyesha mwili mzima jamani, mtu kafanya mazoezi wiki mbili we unamkata magoti.

Ukimaliza icheki kwenye simu, kwa spika ya simu au iafoni za waya, zile za Bluetooth zinaweza kuchelewesha sauti ukaanza kusogeza klipu ambazo ziko sawa.