Kabla hujashusha injini ya silinda nne

Honda CB750 ya mwaka 1969 si sawa na pikipiki za bodaboda zinazotengenezwa chini ya miembe hapa Tabora. Ya bodaboda fundi anafungua hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, injini ikiwa palepale kwenye fremu, na jioni abiria anapanda. CB750 hii ya kamshafti moja (shafti inayofungua valvu) haikubali hivyo: ukitaka kutoa hedi, lazima injini nzima ishuke. Basi tafuta mapema watu wa kusaidia kunyanyua, na chumba chenye mlango wa kufunga, maana kazi itakula miezi na vumbi la kiangazi la Isevya linaingia mpaka kabatini.

Ila kabla ya kushika spana, pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, kwenye silinda zote nne, uandike. Namba 1 ni ya kushoto ukiwa umekaa kwenye siti. Silinda yenye kipimo cha chini idondoshee kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, shuku valvu. Niliwahi kuiruka hatua hii nikanunua seti nzima ya ringi, kumbe valvu ya ekzosi imeungua. Pesa ile inaniuma hadi leo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuchonga bloku, yaani kupanua matundu ya silinda. Hata silinda moja ikichakaa, zote nne zinachongwa saizi moja na pistoni zote zinabadilishwa. Oversaizi zake, yaani pistoni kubwa kuliko za mwanzo, zinapanda kwa milimita 0.25 hadi kufikia 1.00. Tafadhali, pistoni ziwe mkononi kwanza, ndipo upeleke bloku kwa mchongaji pamoja nazo, achonge kwa kufuata kipimo cha kila pistoni. Ukichonga kwa matumaini kwamba spea hazikosekani Dar, bloku itakaa uvunguni mwaka mzima.

Gasketi na oili sili nunua mpya zote, usibahatishe.

Boliti za kava za injini hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye boksi, toboa matundu, kila boliti ichomeke mahali pake. Valvu zipange kwenye trei ya mayai iliyoandikwa namba, kwa sababu kila moja imezoeana na siti yake, pale inapokalia kwenye hedi. Na fila geji, yaani vibapa vya kupimia nafasi ya valvu, iwe na bapa la milimita 0.05 kwa valvu za kuingiza na milimita 0.08 kwa za ekzosi, zinazopimwa injini ikiwa ya baridi.