SOMO: Kuchukua doa la damu mpaka lifike maabara likiwa bado na kazi

Wadau, swali ni lile lile kila siku: "Nimekuta damu, niitie kwenye nini?" Nimechoka kulijibu kipande kipande. Somo ndilo hili, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Ni la wanafunzi na wanaoanza kazi. Kama wewe ni mpita njia tu, usiguse kitu, ita wahusika.

1. Piga picha kabla ya kugusa chochote: ya mbali, ya kati, ya karibu yenye rula.

2. Glavu na barakoa. Glavu mpya kwa kila kielelezo. Ukiongea juu ya doa bila barakoa, umelitemea mate.

3. Kipimo cha awali cha kuona kama huenda ni damu, kikihitajika. Cha Kastle-Meyer hutoa rangi ya waridi ndani ya sekunde chache baada ya kutia haidrojeni peroksaidi. Rangi ikichelewa dakika nzima, usiihesabu, maana fenolftalini, dawa ya kipimo hicho, hugeuka yenyewe kwa hewa. Gusa doa kwa ncha ya karatasi ya chujio, upime karatasi hiyo. Usidondoshee dawa doa lenyewe. Na jibu lake ni "huenda ni damu", basi. Baadhi ya mboga na chumvi za shaba nazo hugeuza rangi.

4. Kuchukua. Kinachobebeka kibebe kizima. Kwa ukuta au sakafu, lowesha kijiti cha pamba kwa tone la maji tasa, kizungushe juu ya doa bila kulitandaza. Chukua na kijiti cha pili kwa namna ile ile pembeni, pasipo na doa, kiwe cha ulinganisho.

5. KAUSHA. Hapa ndipo vielelezo vingi hufia. Nguo mbichi ikifungiwa kwenye plastiki inakuwa shamba la bakteria na kuvu, na vimeng'enya (enzaimu) vyao hukatakata vinasaba (DNA) kabla mtu wa maabara hajafungua mfuko. Ianike ndani ya chumba chenye hewa, kila nguo peke yake, chini yake karatasi safi. Usiianike juani: miale ya jua huharibu vinasaba. Usitumie kikausha nywele, na feni usiielekeze kwenye nguo, itapeperusha magamba ya damu iliyokauka. Ile karatasi ya chini usiitupe! Ikunje, nayo ni kielelezo. Nguo za mshukiwa na za mwathirika zisikutane chumba kimoja, hata kwa zamu, kabla chumba hakijasafishwa. Wakati wa kukunja, weka karatasi katikati ili doa lisijichape upande wa pili. Sura ya doa ni ushahidi pia. Ikilazimu kusafirisha kitu kibichi, plastiki ni kwa muda wa safari tu. Ukifika, kitoe, kianike.

6. Bahasha au mfuko wa karatasi, utepe, saini ipite juu ya ukingo wa utepe. Usilambe bahasha.

7. Kila anayepokea aandike jina, tarehe, saa na sababu. Pengo moja tu, wakili atapita hapo hapo.

MASWALI

Kijana_wa_Maabara: Mkuu, plastiki ya zipu ile nzito inafaa?
— Namba 5.

Kijana_wa_Maabara: Lakini hii yangu haipitishi hewa kabisa.
— Ndiyo ubaya wenyewe. Soma tena.

Mdadisi: Tulifundishwa chembe nyekundu hazina kiini. Sasa vinasaba vinatoka wapi?
— Swali zuri sana. Vinatoka kwenye chembe nyeupe. Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina takriban chembe nyekundu milioni 5, nyeupe 4,000 hadi 11,000 tu. Ila kila nyeupe ina pikogramu 6 hivi za vinasaba, na nanogramu 1 (yaani pikogramu 1,000) inatosha vizuri kwa kipimo cha kawaida. Piga hesabu: chembe chini ya 200. Ndiyo maana doa dogo halidharauliwi.

Bi_Sheria: Vijiti vikiwa tasa, uchafuzi unatoka wapi?
— Tasa maana yake vijidudu vimekufa. Vinasaba vinaweza kubaki. Ujerumani polisi walimsaka mwanamke mmoja kwa miaka kwa sababu vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio yapatayo 40, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika ni vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti. Nunua vilivyothibitishwa kuwa havina vinasaba vya binadamu, na kijiti cha ulinganisho usikiruke.

Mzee_Kazi: Nyongeza: damu ya majimaji iliyotolewa mshipani?
— Ahsante mzee. Chupa ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), yenye kifuniko cha zambarau, iwekwe kwenye friji. Isitiwe friza, chupa inaweza kupasuka. Vijiti vilivyokauka ndivyo vinavyovumilia friza.

Pita_Tu: Kwa kifupi jamani? Sina muda wa kusoma yote.
— Basi mwachie kazi mwenye muda.

Mdadisi: Na unywele bila shina?
— Usiutupe. Wenye shina hai unatoa vinasaba vya kiini. Usio na shina, kwa kawaida tunategemea vya mitokondria (sehemu ndogo za chembe zilizo nje ya kiini), ambavyo ndugu wa tumbo moja wanashiriki, kwa hiyo havimtambulishi mtu mmoja. Ushike kwa kibano laini, uukunje ndani ya karatasi, ndipo uingie bahasha. Ukiutia bahasha moja kwa moja utapenya kwenye pembe.