Somo: Kupima Kemia ya Maji ya Chini ya Ardhi Mahali Palipovuja Petroli

Tangi la petroli likivuja, wengi hupima benzini peke yake, yaani kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli. Ni lazima ipimwe, maana Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Lakini kipimo hicho pekee hakikuelezi kama bakteria wa ardhini wanaila petroli au wamekwama.

Kwanza, chimba kisima cha uangalizi upande ambao maji yanatokea, kabla hayajafika kwenye tangi, na vingine kufuata mkondo wake. Bila hicho cha juu huna cha kulinganishia.

Pili, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, vuta maji polepole, yasizidi nusu lita kwa dakika, ukiyapitisha kwenye chombo kilichofungwa ili yasiguse hewa, na usijaze chupa hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi), upitishaji umeme na oksijeni vitulie katika vipimo vitatu mfululizo. Oksijeni na chuma vipimwe palepale kisimani. Maji yenye chuma kilichoyeyuka hutoka maangavu, lakini yakikaa kwenye chupa iliyo wazi hugeuka rangi ya kutu, na chuma ulichokusudia kukipima kinakuwa kimeshatuama chini.

Tatu, soma majibu kwa mpangilio wake. Ili kuila petroli, bakteria hutumia oksijeni kwanza, kisha naitreti, manganizi, chuma cha udongoni (ambacho kikitumika huyeyuka majini) na salfeti, na mwisho huzalisha gesi ya methani. Oksijeni, naitreti na salfeti zikiwa chini kuliko kwenye kisima cha juu, huku chuma na methani vikiwa vimepanda, ni dalili nzuri kwamba petroli inaliwa. Karibu na Bemidji, Minnesota, nchini Marekani, ambako bomba la mafuta ghafi lilipasuka mwaka 1979, watafiti wamefuatilia mabadiliko ya namna hii kwa miongo kadhaa.

Swali: Mwalimu, salfeti ikiwa imekwisha katikati ya eneo, tupulize hewa ardhini ili bakteria wapate oksijeni?

Jibu: Tazama chuma kwanza. Kikiwa kingi, hewa itakigeuza kutu na kuziba matundu ya kisima. Hapo kuongeza salfeti huweza kufaa zaidi, ingawa huenda taratibu.

Swali: Tupime mara ngapi?

Jibu: Kwa mwaka wa kwanza, kila baada ya miezi mitatu, ili masika na kiangazi vyote vionekane, na kina cha maji kiandikwe kabla ya kuwasha pampu. Benzini ikishuka wakati maji yamepanda, huenda mvua imeizimua tu.