Kupima umaskini wa kaya za wakulima: kutoka kwenye debe hadi kwenye asilimia

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na binti mmoja wa shahada ya uzamili hapa Dar, tukihangaika na data ya kaya za Kilombero, mkoani Morogoro. Fomula zote alikuwa nazo kichwani. Lakini kwenye kompyuta yake kulikuwa na kaya ya watu watano iliyokula gunia zima la mpunga ndani ya siku saba, na jirani yao aliyeonekana kaishi wiki nzima kwa mafungu mawili ya mchicha. Wote wawili walikuwa wamejibu ukweli. Wa kwanza alitaja alichoingiza ndani, wa pili alitaja alichonunua tu, kwa sababu mchele wake ulitoka shambani kwake na hakuna aliyemuuliza vizuri habari hiyo.

Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu theluthi mbili yao wako vijijini. Kwa hiyo asilimia ya maskini unayoitoa hapa kwetu inategemea sana jinsi ulivyohesabu chakula kisichopita dukani. Nachukulia kwamba unajua kufungua faili la data na kuunganisha majedwali kwa namba ya kaya. Kama bado, anza na hilo kwanza.

Hatua ya 1: Pata data

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina tafiti mbili za kuangalia. Kuna Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, ambao ndio unaotoa takwimu rasmi za umaskini, na kuna utafiti wa kufuatilia kaya zilezile mwaka hadi mwaka, ambao wengi tunauita NPS (National Panel Survey), ulioanza 2008/09. Mimi kwa wakulima huchukua NPS bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ina dodoso zima la kilimo na mifugo na dodoso la bei za sokoni. Jisajili, eleza unaitumia kwa kazi gani, pakua. Pakua na dodoso la Kiswahili pia, usisome la Kiingereza peke yake, maana kaya ilijibu swali la Kiswahili.

Hatua ya 2: Pima matumizi, achana na mapato

Mkulima wa mpunga anapata fedha miezi miwili au mitatu ya mavuno, halafu kimya. Ukimuuliza mwezi wa pili mapato ya mwezi uliopita, atakwambia hana, na ni kweli, lakini kaya inakula. Isitoshe hakuna mtu anayejua "mapato" yake baada ya kutoa mbegu, vibarua, na mahindi aliyompa shemeji. Chakula alichokula wiki iliyopita anakijua.

Jambo moja la kuangalia ni tarehe ya mahojiano. Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua, na miezi kabla ya mavuno ghala huwa tupu. Pwani na Kagera kuna vuli na masika. Ukilinganisha mikoa iliyodadisiwa misimu tofauti unalinganisha kalenda. Ndiyo maana tafiti kubwa hutawanya kaya miezi kumi na miwili. Kama unakusanya data yako mwenyewe na fedha zinatosha kwenda mara moja tu, andika wazi umekwenda mwezi gani, na usithubutu kulinganisha asilimia yako na ya taifa.

Hatua ya 3: Geuza vipimo vya kienyeji kuwa kilo

Hapa ndipo utakapokaa. Watu wengi wanapita haraka kwa sababu inaonekana ni kazi ya karani, halafu wanatumia muda mwingi kuchagua fomula, wakati hapa ndipo kaya inapoingia au kutoka kwenye umaskini.

Anza kwa kutenganisha mambo matatu ambayo dodoso huyaweka pamoja: zao, hali ya zao na chombo. "Debe la mahindi" halina maana mpaka ujue ni ya punje, ya magunzi au unga. Mpunga ukikobolewa hubaki karibu theluthi mbili ya uzito wake, kwa hiyo gunia la mpunga ukilihesabu kama mchele umeilisha kaya nusu zaidi ya ilivyokula. Muhogo mbichi na makopa (muhogo uliokaushwa) ni hivyohivyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu maji yote yamekwisha. Na ndizi za mkungu zina mkungu wenyewe, shina na maganda. Atakayekwambia mkungu ni kilo kadhaa, muulize wa wapi: mkungu wa Bukoba na wa Morogoro si ndugu. Nenda asubuhi Mahakama ya Ndizi pale Mabibo ukaone malori yakishusha, utaacha kutumia wastani mmoja wa nchi nzima.

Kuhusu vyombo vyenyewe, debe ni lita 20, na sado ni lile kopo la rangi la lita 4, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani sado tano ni debe moja. Sokoni haiendi hivyo. Debe la mahindi hujazwa kwa kichuguu na kukaribia kilo 18, sado la muuzaji mwingine limebonyezwa kitako ili lipunguze, na anayepimia nyumbani kwake hapigi kichuguu. Gunia ndiyo usiseme. Sheria inataka lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipambana na lumbesa miaka na miaka, lakini huko shambani gunia bado linashonewa kilemba juu na kufika kilo 120 au zaidi. Muhimu kwako ni kwamba mkulima anayeuza lumbesa na mkulima anayekula kutoka kwenye gunia la kawaida wote watajibu "gunia".

Ninavyofanya mimi ni hivi. Natengeneza jedwali moja lenye safu nne: zao, hali, chombo, mkoa. Naorodhesha kila mchanganyiko uliojitokeza kwenye data, napanga kuanzia unaojirudia zaidi, na huwa michanganyiko thelathini ya juu inabeba karibu kaya zote. Hiyo thelathini naipima kwa mkono. Nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wapima samaki na kuku, si ghali. Nenda kwa wauzaji watano tofauti, pima chombo kitupu kwanza, kisha kikiwa kimejaa kama mwenyewe anavyojaza, usimwelekeze. Chukua namba ya katikati ukishazipanga, usichukue wastani, kwa sababu muuzaji mmoja mwenye sado lililobonyea atakuharibia. Kwa nafaka, soko la Tandale linatosha kujifunzia mkono, lakini namba za kutumia lazima zitoke mkoa ulikofanyika utafiti.

Fungu lina hila yake. Fungu la nyanya la shilingi mia tano lina nyanya sita wakati wa neema na tatu wakati wa uhaba. Bei haibadiliki, kinachobadilika ni fungu. Kwa hiyo fungu usilipe uzito mmoja wa mwaka mzima. Ligawe kwa msimu, au likishindikana, tumia shilingi zilizotajwa ugawanye kwa bei ya kilo ya mwezi huo kutoka dodoso la bei.

Halafu kuna lile la gunia lililoliwa kwa siku saba. Angalia swali limeuliza nini: kilichonunuliwa, kilichoingia au kilicholiwa? Kwenye shajara, ambapo kaya inaandika kila siku, gunia lililonunuliwa leo huandikwa leo, ingawa litaliwa hadi mwezi wa saba. Kwenye swali la kukumbuka siku saba, mdadisi mzuri humalizia na "mliyokula". Mdadisi aliyechoka haulizi.

Ukishamaliza, fanya ukaguzi huu kabla ya kugusa shilingi. Geuza kilo kuwa kalori, gawanya kwa watu na siku. Mstari wa chakula wa Tanzania Bara, yaani kiasi cha matumizi ambacho chini yake mtu hamudu hata chakula, hujengwa juu ya kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku. Kaya iliyo chini ya 1,000 au juu ya 5,000 usiifute na usiikate juu kwa amri ya kompyuta. Irudie kwenye dodoso, safu kwa safu. Mara nyingi utakuta chombo kimeandikwa kwa msimbo wa kilo, au kulikuwa na msiba na watu ishirini walikula pale wiki hiyo. Nawapinga wazi wale wanaokata ncha za data (kaya zenye namba za juu au za chini mno) kwanza halafu wanageuza vipimo. Hapo unafukia kosa, hulirekebishi.

Hatua ya 4: Pa chakula cha shambani bei

Mahindi ya mkulima aliyoyala mwenyewe yana thamani, swali ni kwa bei ipi. Ukitumia bei ya rejareja ya mjini, mkulima anatajirika kwenye karatasi. Ukitumia bei ya kuuzia shambani wakati wa mavuno, anafukarika, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya chini kuliko zote. Kibaya zaidi, kaya hiyohiyo huuza mwezi wa saba na kununua tena mwezi wa pili kwa bei ya juu.

Natumia bei ambayo majirani zake walilipa kununua zao hilo kijijini, kwa robo mwaka ileile. Gawanya fedha kwa kilo kwa kila kaya iliyonunua, chukua ya katikati ndani ya eneo lile la kuhesabia, yaani kijiji au kipande chake kilichochaguliwa kwenye sampuli. Kama wanunuzi hawafiki kumi, panda hadi wilaya, kisha mkoa. Hakikisha unaandika umepanda ngazi gani kwa kila zao, kwa sababu kijiji ambacho hakuna anayenunua muhogo ndicho kijiji kinachoishi kwa muhogo.

Hatua ya 5: Yasiyo chakula

Ongeza ada, nauli, mkaa, sabuni, vocha, matibabu. Toa mbolea, mbegu na vibarua, hizo ni gharama za uzalishaji. Toa harusi na pikipiki mpya.

Hatua ya 6: Watu wangapi, mstari upi

Mtoto mchanga hali chakula kingi kama baba yake, kwa hiyo usigawanye matumizi ya kaya kwa vichwa. Kipimo kinachotumika Tanzania kinampa mwanamume wa miaka 19 hadi 59 uzito wa 1.00, mwanamke wa umri huo 0.88, kijana wa kiume wa miaka 15 hadi 18 1.20, mtoto wa miaka 7 au 8 0.64, na wa miaka 0 hadi 2 0.40. Kaya ya baba wa miaka 40, mama wa 35, kijana wa kiume wa 16, binti wa 8 na mtoto wa 2 inakuwa sawa na watu wazima 4.12.

Mstari wa mahitaji ya msingi (chakula pamoja na yasiyo chakula) wa 2017/18 ni shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa chakula ni 33,748. Kaya yetu basi inahitaji kama shilingi 203,198 kwa mwezi. Data yako ikiwa ya mwaka mwingine, sogeza mstari kwa mfumuko wa bei, na rekebisha tofauti ya bei kati ya mjini na kijijini. Kwa mstari huo maskini walikuwa asilimia 26.4 Tanzania Bara, na 31.3 vijijini. Dar es Salaam walikuwa 8.0.

Hatua ya 7: Hesabu yenyewe

Dakika tano. Tumia programu ya takwimu, Stata au R, yoyote, mradi amri zako zote ziwe kwenye faili linaloweza kuendeshwa upya. Excel kwa kazi hii hapana. Zidisha uzito wa sampuli (idadi ya kaya ambazo kila kaya iliyohojiwa inaziwakilisha) kwa idadi ya watu wa kaya, la sivyo utatoa asilimia ya kaya maskini wakati umeandika asilimia ya watu maskini. Kaya maskini huwa kubwa, kwa hiyo utapunguza umaskini bila kujua. Kisha kokotoa vipimo vitatu vya umaskini vya wanauchumi Foster, Greer na Thorbecke wa 1984: wangapi wako chini, wako chini kiasi gani, na waliozama zaidi wanahesabiwa kwa uzito mkubwa zaidi. Cha pili nakipenda kuliko cha kwanza. Kinaonyesha kaya iliyopanda bila kuvuka mstari.

Hatua ya 8: Maendeleo ya watu

Usijaribu kukokotoa Fahirisi ya Maendeleo ya Watu kwa kaya moja, haikuumbwa hivyo. UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, waliianza 1990 kwa wazo la mchumi Mahbub ul Haq, na inapima nchi au mkoa. Chukua eneo la mfano lenye umri wa kuishi miaka 65, miaka ya shule inayotarajiwa 9, iliyosomwa na watu wazima 6, na pato la dola 2,500 kwa mtu. Umri: (65−20) kwa (85−20) ni 0.692. Shule: 9 kwa 18 na 6 kwa 15, wastani 0.45. Pato kwa logi (logarithm), kati ya 100 na 75,000, ni 0.486. Zidisha zote tatu, chukua kipeuo cha tatu: 0.533. Kwa sababu zinazidishwa, afya nzuri haifichi shule mbovu.

Kwa ngazi ya kaya tumia umaskini wa nyanja nyingi wa Alkire na Foster: viashiria kumi vya afya, elimu na hali ya maisha, kaya ikikosa theluthi moja au zaidi kwa uzani wake inahesabiwa maskini. Ila kwa wakulima na wafugaji angalia viwili. Nishati ya kupikia: kuni na mkaa vyote ni upungufu, kwa hiyo karibu kijiji kizima kinaanguka, na mtaa wangu hapa Dar nao. Mali: orodha ya kimataifa ina redio, runinga, simu, kompyuta, baiskeli, pikipiki, friji na mkokoteni wa wanyama. Ng'ombe hawamo, shamba halimo. Mfugaji mwenye ng'ombe mia mbili na simu moja tu anatoka amepungukiwa mali. Nikifanya kazi na kaya za wafugaji naendesha hesabu mara mbili, kwa orodha ya kimataifa na kwa orodha niliyoongeza mifugo na ekari, na naweka safu zote mbili kwenye ripoti. Jedwali la vipimo la hatua ya 3 nalo liambatanishe zima, pamoja na majina ya masoko ulikopima na miezi uliyokwenda.